Dhamana

Tarehe kumi na nne Machi, mwaka jana,
niliitoa dukani Barabara ya Nane ikiwa bado na nailoni usoni.
Nuhu akagonga muhuri wa zambarau kwenye kadi:
"Dada Mwanakheri, mwaka mzima lala usingizi."
Nikalala.
Kadi nikaitia kwenye bahasha ya hati,
kati ya cheti cha ndoa na kile cha talaka.

Jina lake mpakato, nami niliipakata kweli,
kibandani kwangu nyuma ya mahakama.
Chumvi ya Tanga ilizila bawaba za mlango, yenyewe ikaiacha.
Umeme ulikwenda na kurudi kama mume wa wake wawili,
sisimizi wakapiga kambi chini ya herufi M,
nayo haikukohoa.
Mirathi, viapo, barua za kuomba kazi bandarini,
ugomvi wa mpaka wa shamba la mkonge kule Pongwe,
vyote ilivimeza ikinguruma kama paka aliyeshiba.

Mwaka ulitimia Ijumaa.
Jumatatu, saa tatu na robo, ikafa.

Siku tatu!
Wengine hufa kwanza, matanga yakaanuliwa siku ya tatu.
Huyu wangu alingoja matanga yaishe ndipo afe.

Nilikuwa namwandikia Bi Mwajabu wa Duga.
Mwanawe yuko ndani tangu Alhamisi, kesi ya nyaya za shaba.
*Mimi mwombaji naiomba Mahakama yako tu*
na hapo hapo, kioo kikawa cheusi,
nikajiona mimi, na ushungi umekaa upande.
"Inafikiri?" akauliza Bi Mwajabu.
"Inafikiri," nikamwambia.

Nuhu aliishika kadi juu, kwenye mwanga,
kama daktari wa Bombo na picha ya mfupa.
"Dhamana imekwisha, dada."
"Juzi tu."
"Ndiyo. Juzi."
Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote,
na adabu ile ndiyo iliyoniuma.
Nani aliifundisha kalenda?
Mimi mwenye mali nilikwisha sahau tarehe,
kumbe yeye, kila usiku nikimfunika kitambaa,
alikuwa akihesabu.

Fundi Semkiwa, Barabara ya Kumi na Sita,
alipanga skrubu ndani ya kizibo cha soda,
akapuliza, akanusa.
"Bodi," akasema.
"Shilingi ngapi?"
"Laki tatu na nusu. Na siahidi."
"Hiyo mpya ina dhamana?"
Akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.
"Ya mdomo, mama. Ya mdomo ipo."

Nikarudi. Bi Mwajabu alikuwa palepale kwenye benchi,
ameshika mia tano zangu za kupigia chapa,
zimelowa jasho.
Nikachukua kalamu, nikaanza upya kwa mkono,
nikafika pale nilipokatikia,
nikamalizia: *tukufu*.
Vidole vilikuwa vimesahau kuandika.
F yangu ilisimama kama mlevi.

Karani akaisoma bila kuinua macho.
"Mdhamini wa kwanza mjomba wake. Wa pili?"
Bi Mwajabu hakusema kitu. Alinitazama tu.
Kijana mwenyewe simjui,
namjua kwa tahajia: Hatibu, kwa H,
mama yake alisisitiza mara mbili.

Wakanipa fomu.
Jina. Mtaa. Kitambulisho. Kiasi.
Nikaigeuza nyuma, nikairudisha mbele,
nikitafuta palipoandikwa itakwisha lini.
Hapakuwepo.
Nikatia sahihi.

Kompyuta ipo bado mezani, chini ya kitambaa chake.
Bi Mwajabu alinilipa ile mia tano, nikaipokea.
Sisimizi hawajahama.